Mnyonya Damu Arudi Kondoa

Tangu nirudi, kila anayeingia kwangu anakaa, anakunywa chai yangu, kisha macho yake yanapanda ukutani kwenye pembe. Anahesabu. Niliondoka Kondoa na sita, nimerudi na tano. Hapo maswali yanaanza. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nikimpa mwanzo na yule mwisho, halafu nyinyi mkikutana kisimani mnaunga mnavyotaka. Juzi nimesikia kwamba nilipigana na mamba. Basi nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi, na chai atajitengenezea mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua, lakini niiseme kwa ajili ya watoto wenu. Mimi ni fundi wa kuumika. Mtu mwenye mgongo mbovu analala kifudifudi, namkanda kwa maji moto, naweka pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, navuta hewa kwa mdomo kupitia tundu la juu, kisha naliziba kwa nta. Nyama inapanda ndani ya pembe. Naitoa, nachanja kidogo kwa wembe mpya, naiweka tena, navuta tena. Damu nzito inatoka yenyewe na inabaki humo humo ndani ya pembe. Mdomoni kwangu haifiki hata tone. Wengine kazi hii huiita kupiga chuku, na najua mpiga chuku ni nani katika lugha yetu, ni mtu wa kutia chumvi. Hapa sikutia. Sikuwa na nguvu ya kutia.

Kuondoka Nyakunguru

Wenzangu walikwenda Mara kufuata dhahabu. Mimi nilifuata migongo. Mtu anayeshinda ameinama ndani ya duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, kisha anapanda na mfuko wa mawe begani, mgongo wake lazima utaomba msaada. Na pale Nyakunguru migongo ilikuwepo ya kila mkoa, Wasukuma, Waha, Wanyiramba, na wenyeji wenyewe Wakurya. Nilipanga chumba kwa Mama Ghati, mama wa Kikurya aliyewapikia wachimbaji uji na maharage. Nilikuwa nikiumika watu barazani kwake, mchana kweupe, atakaye atazame.

Kilichoanza kuniharibia ni nyama. Kule nyama ndiyo heshima ya mgeni, na mimi sikujua aliyechinja ni nani, kwa hiyo siku zote nilikula maharage. Watu wakaanza kuulizana: huyu mzee wa Kirangi mbona hali nyama, na kutwa anashinda na pembe zenye damu? Mmoja akasema anayekunywa mchuzi ana haja gani na mfupa. Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikidhani ni utani tu.

Chacha alikuwa kijana wa Susuni, kule upande wa mpakani na Kenya. Alikuwa mcheshi na mwenye mabega mapana, lakini kifua chake kilijaa vumbi la mawe, akikohoa unasikia. Alikuja mchana, akalala, nikamwekea pembe zote sita. Nikamwambia apumzike. Akasema wenzake wamekaribia mwamba wenye mali, akikaa nje watampita. Akavaa shati, akarudi shimoni. Asubuhi walipomwamsha hakuamka.

Waliomwosha wakaona mgongoni alama sita za mviringo, nyekundu, kila moja na michanjo katikati. Mimi alama hizo nazijua, hufifia zenyewe. Wao waliona midomo sita. Kufikia saa za chakula habari ilikuwa imeshaiva: yule Mrangi ni mnyonya damu, ametumwa na mwenye duara, kwa sababu dhahabu haitoki bila kunyweshwa damu.

Mama Ghati akanijia na mwiko bado mkononi. "Mzee Rajabu, ondoka sasa hivi."

"Sijafanya kitu, mama."

"Mimi najua. Lakini hawa hawatakuja kukuuliza, watakuja kukupiga. Na usipite Tarime, maiti imepitia huko na ndugu zake wako huko. Wewe shuka mtoni, vuka, nenda Mugumu. Pale kuna basi la Arusha."

Akanifungia mihogo ya kuchemsha kwenye kanga kuukuu. Nilitokea nyuma ya nyumba kama mwizi. Niliumia, tena sana, kwa sababu nilikuwa nimeishika migongo ya watu wale wote kwa mikono yangu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza.

Kungoja Mto Mara

Mto ulikuwa umejaa. Lori la mahindi lilikuwa limezama kwenye matope ukingoni, na dereva wake alilala chini yake kama mtu aliyehamia. Mtumbwi ulikuwepo, mwenye mtumbwi hayupo, amekwenda msibani. Tukangoja. Kesho yake tukangoja tena. Mama mmoja aliyekuwa na kuku watatu wa kupeleka Mugumu alianza kuwapa majina, nikajua tumekaa mno.

Ndipo akaja Marwa. Lilikuwa jitu zima, lakini lilitembea limepinda, mkono kiunoni, macho chini, kama mtu aliyedondosha sindano. Kiunoni alichomeka panga, na kwenye kikapu chake kulikuwa na kamba mpya ya katani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba."

Alikaa kwa taabu, akatoa ugali wa mtama na samaki wa kukaanga, akaomba dua ya Kikristo, akanisogezea bila kuniuliza kama nina njaa. Samaki hana mchinjaji, nikala kwa shukrani.

"Mzee, unatoka Nyakunguru?"

"Natoka huko."

"Umemwona Mrangi mmoja, mnyonya damu? Wanasema amekimbilia huku."

Mwiba ukanikwama kooni. Nikakohoa mpaka mama wa kuku akanipiga mgongoni. Nilipopata sauti nikauliza, "Yukoje?"

"Mrefu, mnene. Macho mekundu kama pilipili. Meno ya mbele ya dhahabu. Anatembea na ndoo."

Nyinyi mnanijua. Meno ya mbele sina kabisa, na hata nikisimama juu ya ndoo hiyo urefu siupati. "Mtu wa namna hiyo sijamwona," nikasema, na Mungu shahidi, haukuwa uongo.

Mwenye mtumbwi alirudi jua likiwa kali. Maji yalikuwa mapana upande wetu, ilibidi tuingie mpaka kiunoni kuufikia mtumbwi. Marwa akachukua furushi langu na kulitia kichwani pake, pamoja na kikapu chake.

"Mwepesi mzigo wako, mzee. Umebeba nini?"

"Vyombo vya kazi."

"Kazi ni kazi," akasema, akaingia mtoni. Pembe zilikuwa zikigongana juu ya kichwa chake kila alipopiga hatua, ko, ko, ko, na mimi nilimfuata nyuma nikiomba fundo lisifunguke.

Kuelekea Mugumu

Ng'ambo hatukupata gari, tukatembea. Ningeweza kubaki nyuma na kumwacha aende zake. Lakini alikuwa ananingoja. Kila nilipochelewa alisimama, mkono kiunoni, anatazama nyuma kuona kama mzee anakuja. Utamkimbiaje mtu anayekungoja?

Njiani akanisimulia. Chacha alikuwa mdogo wake, wamezaliwa wawili tu kwa mama yao. Gari lililoleta maiti lilifika karibu na Susuni likashindwa na matope, watu wakaanza kubishana wafanye nini, naye akaona aibu ndugu yake kulala barabarani huku watu wanabishana. Akambeba mgongoni peke yake mpaka nyumbani. "Alikuwa mzito, mzee. Akiwa hai nilikuwa namwinua kwa mkono mmoja tukicheza. Tangu siku ile mgongo wangu haujanyooka."

"Pole sana," nikamwambia, na ilinitoka moyoni.

"Nikimpata yule, nitamfunga kwa hii kamba nimpeleke kwa mama amwone. Halafu basi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja kazi za shamba zilizobaki kabla ya mvua.

Tulipofika kwenye kibanda cha chakula akaagiza kichuri, ule mchuzi wao mchungu wa nyongo na matumbo, bakuli mbili. Nikasema sili nyama nisiyojua mchinjaji wake. Mwenye kibanda akanitazama kwa huruma na kusema mzee huyu ni mgonjwa, aongezewe nyongo, inasafisha. Ikaletwa bakuli kubwa zaidi. Marwa alizila zote mbili, akaniagizia viazi, na akamweleza mwenye kibanda kwa Kikurya kwamba kila mtu na dini yake. Nilikula viazi vile nikiwa nimeinamisha kichwa. Wema wa mtu anayekutafuta akuue ni mgumu kumeza.

Basi la Mugumu

Tulilala nyumba moja ya wageni, vyumba viwili vilivyopakana. Alfajiri niliposwali nilimsikia Marwa anaguna ng'ambo ya ukuta. Alikuwa chini, karibu na kitanda, mgongo umekaza kabisa, hawezi kuinuka wala kugeuka. Mwenye nyumba alisimama mlangoni na taulo la maji moto ambalo halikusaidia kitu. "Huyu anahitaji mtu wa kumwumika," akasema. "Hapa petu alikuwepo mmoja, alishahama."

Basi la Arusha lilikuwa linapiga honi. Nilichukua furushi langu, nikaenda, nikapanda, nikapata kiti cha dirishani. Kutoka pale ni mbugani, Arusha, Babati, Kondoa, mke wangu, kitanda changu. Mbele yangu alikaa baba mmoja wa kabila la Wanata akimpa mwanawe mua. Dereva akawasha gari.

Sijui niwaelezeje. Sikuwa shujaa, na ushujaa siujui unavyoonekana. Nilikuwa nimechoka kuwa mrefu, mnene, mwenye meno ya dhahabu. Na masikio yangu yalikuwa bado yanamsikia yule mtu akiguna, mgonjwa wa kazi yangu hasa, ameumia kwa kumbeba mtu ambaye mikono yangu ilimgusa siku yake ya mwisho. Nikashuka. Kondakta akanitukana kidogo, kwa haki.

Marwa alikuwa pale pale chini. Nikafunga mlango, nikafungua furushi mbele ya macho yake, nikazipanga pembe sakafuni moja moja.

Alizitazama. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama anatafuta yale meno.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Wewe, mzee? Nimekupa samaki wangu?"

"Umenipa. Na mzigo wangu umenibebea."

Mkono wake ukatambaa kulifuata panga. Lilikuwa chini ya kitanda, na mgongo haukumruhusu kufika. Alijaribu mara ya pili, jasho likamtoka, akaacha. Akabaki anahema, machozi yanamshuka upande upande mpaka masikioni. "Sogea," akaniambia. "Sogea nikushike koo."

"Sisogei. Lakini nikikuumika utainuka, na ukiinuka koo langu liko hapa hapa."

Tulikaa hivyo mpaka jua likaingia chumbani. Mwishowe akasema, "Siyo hapa. Nikifia hapa nani atajua? Utaniumika nyumbani, mbele ya mama, kama ulivyomfanyia Chacha. Pembe hizo hizo. Nikifa, wenzangu watajua la kufanya na wewe. Nisipokufa..."

Hakumaliza. Nikamwambia sawa. Lilikuwa swali la kwanza nililoulizwa tangu kijana yule afe, ingawa halikuulizwa kwa maneno.

Juu ya magunia

Kwa hiyo safari yangu ya Kondoa ikageuka nyuma. Nilipata lori la mtama linalokwenda Tarime, tukampandisha Marwa kwa ubao wa mlango. Alilala juu ya magunia na kichwa chake kikawa mapajani mwangu, kwa sababu kila shimo la barabara lilimfanya apige kelele. Mtoni tulingoja tena, safari hii maji yapungue lori lipite. Tulilala ukingoni, na asubuhi akafumbua macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Mgongo uko vile vile. Nikipona nitakuua."

"Kunywa maji kwanza."

Kwenye njia panda ya Nyakunguru lori lilisimama kupakia. Vijana wa machimbo wakaniona. Hawa hawakutafuta mrefu wala mnene, hawa walikuwa wananijua. Mmoja akaokota jiwe, na wengine wakainama. Nikainamisha uso wangu juu ya uso wa Marwa, nikasema shahada yangu.

Marwa akapaza sauti kutoka kwenye magunia, kwa Kikurya kwanza, kisha kwa Kiswahili ili na wageni wasikie: "Mura, kijana, weka jiwe chini! Mimi ni ndugu wa Chacha. Huyu ni wetu. Tunampeleka kwa mama."

Mawe yakashuka. Mwenye msiba ndiye mwenye neno, wageni hawawezi kumkatia. Lori likaondoka, na nikatambua kwamba nimeokolewa na mtu aliyewazuia wengine ili anipate yeye.

Pale Nyarero akina mama wauza uji walituzunguka. Walidhani mimi ni baba yake. Mmoja akanigombeza: "Mzee, mtoto anaumwa hivi unamlaza kwenye magunia? Nyie wazee mna roho gani?" Nikasema nisamehe mama. Marwa akafungua mdomo, nikangoja aseme mimi ni nani. Akasema tu, "Mnyweshe na yeye, tangu jana hajala." Uji ulikuwa wa mtama, mzito, na moto wake ulinifika mpaka magotini.

Susuni

Habari ilitutangulia. Ua ulikuwa umejaa watu: vijana na fimbo, wengine na mapanga, na binamu yao mmoja aliyevuka kutoka upande wa Kenya kwa ajili ya matanga. Kaburi la Chacha lilikuwa kando ya nyumba, udongo bado mwekundu. Mama Marwa alikaa karibu nalo juu ya ngozi, mwanamke mwembamba, amejifunga kitenge kichwani. Nilimwamkia shikamoo ingawa huenda nimemzidi umri. Hakuitikia.

Binamu akanizunguka akinipima. "Huyu ndiye? Hii kitu ndogo hivi? Na mbona mnaipea kiti?"

Marwa, aliyelazwa kwenye mkeka, akawaeleza tulichopatana. Watu wakanung'unika, wengine walitaka waanze mara moja, lakini neno lake lilikuwa neno lake. Wakati nachemsha maji, dada mmoja akapita na kibuyu akiwagawia watu. Kwao mgeni hakai na midomo mikavu, hata awe mgeni wa namna gani, naye kwa mazoea akanijazia kikombe na mimi. Ndani mlikuwa na maziwa yaliyochanganywa na damu mbichi ya ng'ombe, waliyomtoboa shingoni asubuhi ile. Nikamrudishia kwa mikono miwili.

"Nisamehe binti yangu. Damu siinywi. Kwetu ni haramu."

Kijana mmoja aliyekuwa ameshika panga, mdomo wa juu bado mwekundu kwa kikombe chake, akasema, "Sasa huyu ni mnyonya damu gani? Wanyonya damu si ni sisi?"

Mmoja akacheka, akafuata wa pili, mpaka binamu wa Kenya akashika magoti. Mama Marwa hakucheka. Wakanyamaza wote walipomwona.

Nikafanya kazi. Nimeumika watu tangu nikiwa kijana na sijawahi kuona aibu ya mdomo wangu, lakini siku ile kila nilipoinama kuvuta hewa nilihisi macho yote shingoni. Mgongo wa Marwa ulikuwa mgumu kama ubao, na nilipoukanda nikajua mahali mdogo wake alipolala, begani kushuka mpaka kiunoni. Nikaweka pembe ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Nikachanja. Damu ikatoka nyeusi, nzito. Nilipozitoa alikuwa amefumba macho, amelegea, hajibu.

"Marwa," akaita binamu. Kijana wa panga akasogea nyuma yangu.

"Amelala," nikasema. "Akiumikwa mtu hulala."

"Na Chacha alilala," mtu akasema.

Tukangoja. Ngoja zote za mtoni zikiunganishwa hazifikii ile. Jua lilizunguka nyumba. Niliutazama mgongo wake ukipanda na kushuka, na kila ukishuka niliuomba upande. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kufa mbali, bila mtu wa kunielekeza kibla, na jina langu likiwa la mnyonya damu.

Mbuzi walikuwa wanarudi zizini Marwa alipokohoa. Akaegemea mkono, akakaa. Akajaribu kusimama, polepole, akinyooka kipande kipande, mpaka nikaona urefu wake halisi kwa mara ya kwanza. Alikuwa mrefu kweli.

"Mama," akasema, "kuna ugali?"

Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wengine, nadhani, walisikitika. Marwa alinitazama, hakusema asante wala hakushika panga, akaenda kunawa.

Mama Marwa ndiye aliyebaki mbele yangu. "Kwa hiyo siyo wewe," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake.

"Siyo mimi, mama."

"Nani, basi?"

"Sijui. Labda vumbi. Labda moyo. Kweli sijui."

Akatikisa kichwa taratibu. "Afadhali ungekuwa wewe. Nilikuwa na wewe tu wa kumlaani. Sasa nikiamka usiku nitamlaani nani?"

Akazitazama pembe zangu. "Na damu ya Chacha uliitupa wapi?"

"Sikuitupa. Damu ya mtu haitupwi mbwa wakairamba. Ile niliifukia na majivu, nyuma ya nyumba ya Mama Ghati, chini ya mgomba."

"Kumbe bado iko kule." Akaweka kiganja juu ya kaburi. "Kwetu mtu huzikwa nyumbani, mzima. Mimi nimezika mtoto aliyepungua. Nenda ukamlete."

Nyakunguru tena

Tulikwenda na Marwa. Mama Ghati aliponiona alikuwa ameshika sufuria, na alipomwona niliye naye, panga kiunoni, akaliachia likamwagika. Ilibidi nimwapie mara tatu kwamba mimi si mzimu. Wachimbaji walitoka kututazama kwa mbali, safari hii bila mawe.

Nilimwonyesha Marwa mahali, chini ya mgomba, pembeni mwa jiwe. Alipiga magoti na kuchimba kwa lile panga, akichota udongo wenye majivu kwa vidole na kuutia ndani ya kopo la mafuta. Kisha akalifunga kopo kwa ile kamba mpya ya katani, akalining'iniza shingoni. Kazi aliyovinunulia vitu vile ilikuwa nyingine, sote wawili tulijua, na hakuna aliyeitaja. Njia nzima ya kurudi Susuni alitembea amenyooka, mkono mmoja juu ya kopo.

Mama alikuwa pale pale kwenye ngozi. Akalipokea kopo, akatazama ndani. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu, mama."

"Na pembe ipi iliyokuwa nyuma ya moyo wake?"

Nikampa. Akaigeuza geuza, akapitisha kidole kwenye mdomo wake mpana. Halafu, kabla sijajua anafanya nini, akaiweka juu ya mkono wake mwenyewe, akainama, akaweka midomo kwenye tundu, akavuta. Alivuta kwa nguvu zote za kifua chake, macho amefumba. Alipoiachia, ngozi ilikuwa imeinuka duara jekundu.

"Hewa," akasema.

"Hewa tu, mama."

Akaanza kulia, na Marwa naye, na mimi. Alipomaliza, mama akaujaza udongo ule ndani ya pembe, akaukandamiza kwa kidole gumba, akachimba kaburini kwa mikono yake na kuizika humo pembe yangu. Hakuniomba, na mimi sikuidai.

Asubuhi Marwa alinisindikiza mpaka gari la Tarime. "Shikamoo mzee," akasema, na hakuongeza lile neno lake la kuniua. Ya Tarime hadi hapa ni vumbi na usingizi, sina la kusimulia.

Ndiyo habari ya pembe ya sita. Kabla sijaondoka uani nilikwenda kumuaga mama. Alinipa mkono kuniaga, mkono ule ule, na alama ilikuwa bado nyekundu.